Shajara ya Mradi: Vitufe Vinne, Kadi Mia Sita

Juma la 1, Jumamosi

Barua ya waandaaji ilifika Alhamisi. Timu yetu ya wanafunzi wanne wa kidato cha tano imepita usaili, na imepangiwa kurekodi kipindi cha chemsha bongo cha televisheni jijini Dar es Salaam baada ya majuma kumi na moja. Naanza shajara hii ili kila kinachofanyika, kinachoharibika na kinachorekebishwa kiandikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mwakani klabu itakuwa na wanafunzi wengine, pengine na mlezi mwingine, na sipendi waanzie pale tulipoanzia sisi.

Kanuni za kipindi zimetoshea ukurasa mmoja. Timu mbili huketi zikitazamana, mwendesha kipindi husoma swali, na anayebonyeza kitufe kwanza ndiye anayejibu. Jibu sahihi lina alama 10. Mshiriki anaruhusiwa kubonyeza kabla swali halijaisha, lakini akikatiza na kukosea, timu yake hukatwa alama 5 na swali husomwa lote kwa wapinzani. Kanuni hiyo ya mwisho nimeipigia mstari mara mbili. Si kanuni ngeni duniani: katika University Challenge ya Uingereza, iliyoanza kurushwa mwaka 1962, anayekatiza swali na kukosea hupoteza alama 5 vilevile. Katika Jeopardy! ya Marekani mambo ni kinyume, kwani mshiriki haruhusiwi kubonyeza mpaka mwendeshaji amalize kusoma, na anayewahi hufungiwa kitufe chake kwa robo ya sekunde. Mtazamaji aliyeketi sebuleni huona watu wanajibu maswali tu. Kwa mshiriki hiyo ni michezo miwili ambayo haifundishwi kwa njia moja.

Mpaka leo tumekuwa tukifanya mazoezi kwa kunyoosha mikono, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamua nani amewahi. Kwa hiyo kazi za mradi ni mbili: kutengeneza mtambo wa vitufe vinne, na kuyapitia upya maswali yaliyo katika hazina ya klabu.

Majina ya wanafunzi sitayaandika hapa, nitawataja kwa viti vyao. Kiti cha kwanza ni nahodha, binti wa Makete. Cha pili ni binti wa Kalenga, mwanahistoria wetu. Cha tatu ni kijana wa Tukuyu, ambaye anajua wanyama na mimea kuliko mwalimu wake wa baiolojia. Cha nne ni kijana wa Mufindi, mpole, mwenye hesabu na jiografia.

Juma la 2, Jumatano

Hazina ya klabu ni boksi la viatu lenye kadi 612, zilizoandikwa na wanafunzi wa miaka mingi kwa miandiko ya kila namna. Nilidhani kuzipitia ingekuwa kazi ya jioni mbili. Leo ni jioni ya tano na sijafika nusu.

Tatizo si kwamba waliotutangulia walikosea. Wengi waliandika sawasawa kwa wakati wao, ila majibu yamezeeka ndani ya boksi. Kadi moja inauliza Tanzania ina mikoa mingapi na kujibu 26. Nyingine, yenye wino mwingine, inajibu 30. Jibu la leo ni 31, baada ya Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mkoa huo mmoja umeziharibu kadi nyingine nane, kwa kuwa Kimondo cha Mbozi, Tunduma na mengine yote ya upande ule bado yameandikwa kuwa yako Mkoa wa Mbeya. Njombe nayo, iliyotoka Iringa mwaka 2012, imeharibu kadi za Makete, Ludewa na Hifadhi ya Kitulo. Nahodha aliposoma kwamba Makete iko Iringa alicheka, kisha akasema, "Mwalimu, hii kadi ni ya mama yangu." Kweli mama yake alisoma hapa.

Kadi ya hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini ina historia yake peke yake. Jibu la kwanza, Serengeti, limekatwa. Juu yake imeandikwa Ruaha, ambayo ilipanuliwa mwaka 2008 ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000, na watu wa Iringa tukajivunia sana. Nami leo nimelazimika kuikata Ruaha na kuandika Nyerere, iliyotengwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na ambayo inazidi kilomita za mraba 30,000. Nimekata kwa kalamu nyembamba.

Kuanzia leo kila kadi itakuwa na mwaka katika kona ya juu, na zile ambazo jibu lake linaweza kubadilika zitawekewa doa jekundu. "Spika wa Bunge ni nani?" ina doa jekundu. "Nani alikuwa Mtanzania mwanamke wa kwanza kuwa Spika?" haina doa, kwa sababu Anne Makinda, aliyechaguliwa mwaka 2010, atabaki kuwa wa kwanza hata wakija mia. Nimewaeleza wanafunzi kwamba mtungaji mzuri wa maswali hupendelea aina hii ya pili, na kwa hiyo wao pia waipe muda mwingi zaidi.

Juma la 3, Jumapili

Vitufe vimenunuliwa: swichi nne za kengele za mlangoni kutoka duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu. Taa ndogo nne, waya mita ishirini, king'ora kimoja. Ubongo wa mtambo ni bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Arduino niliyoazimwa, na programu nimeiandika mwenyewe kwa kufuata mfano wa intaneti. Umeme utatoka kwenye betri ya pikipiki ili mgao usitukatishe. Betri ni ya kijana wa bodaboda anayetuletea mkate shuleni. Ameiazima kwa sharti kwamba nitairudisha ikiwa imechajiwa.

Mtambo umewaka jioni hii. Bwenini wameusikia, na sidhani kama wamefurahi.

Juma la 5, Ijumaa

Hii ni taarifa ya kosa langu, na nitaieleza kwa urefu.

Tangu mtambo uanze kufanya kazi, kijana wa kiti cha nne amekuwa akishindwa kuwahi. Katika mazoezi ya majuma mawili nimeandika kwenye daftari la alama maneno kama "mzito," "anasita," na Jumanne iliyopita, "tufikirie mchezaji wa akiba." Nilimwita nikamshauri ajiamini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mimi sichelewi. Nabonyeza." Nilimjibu kwamba mtambo hauna upendeleo. Jibu hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa la uongo, ingawa sikujua.

Jana nahodha alipendekeza tubadilishane viti, akitaka tu kuona. Kijana wa Mufindi alipoketi kiti cha kwanza, aliwahi mara kumi na moja kati ya ishirini. Nahodha alipohamia kiti cha nne, akawa yeye ndiye mzito.

Nimeupeleka mtambo kwa fundi wa redio pale Miyomboni, mzee ambaye ametengeneza vyombo vya shule yetu tangu enzi za kaseti. Programu yangu alisomewa na mjukuu wake, naye akasikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Mwalimu, programu yako inapeana mikono kama mgeni aliyeingia msibani. Inaanza kwa wa kwanza, inakaa, inaenda kwa wa pili, inakaa. Huyu wa mwisho atasubiri mpaka chai ipoe." Ndivyo ilivyokuwa. Ili kuzuia kitufe kimoja kisihesabiwe mara mbili, nilikuwa nimeweka kituo cha milisekunde 50 baada ya kukagua kila kitufe, na ukaguzi ulikuwa unaanza upya kutoka kiti cha kwanza kila mara kitufe chochote kinapobonyezwa. Wanafunzi wawili wakibonyeza karibu kwa pamoja, mwenye kiti cha chini ndiye aliyesalimiwa kwanza. Milisekunde hizo hazionekani kwa macho, lakini katika mashindano ambayo washiriki wote wanajua jibu, hakuna kingine kinachowatofautisha.

Sasa programu inasoma vitufe vyote vinne kwa mpigo mmoja na kituo kimeondolewa. Tumejaribu kwa maswali arobaini na hakuna kiti kinachopendelewa. Kurasa mbili za daftari la alama nimezifuta kwa mstari, nikaandika sababu pembeni, na nimemwomba kijana radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa lawama pia niliitoa mbele yao. Alisema, "Hamna shida, Mwalimu," akaomba tuendelee na maswali ya mito.

Juma la 6, Jumanne

Mtu asiyejitambulisha amenipigia simu akidai kwamba anaweza kutupatia maswali ya kipindi kwa "shukrani kidogo." Nimekata simu na kuwaarifu waandaaji.

Niliwaeleza wanafunzi, nao wakauliza kama jambo kama hilo limewahi kutokea kwingine. Limewahi. Mwaka 1956, katika kipindi cha Marekani kilichoitwa Twenty-One, bingwa aliyekuwa akitawala, Herbert Stempel, aliamriwa na watayarishaji akosee makusudi swali la filamu ambalo jibu lake alilijua, ili ampishe Charles Van Doren, mhadhiri wa chuo kikuu mwenye sura iliyopendwa na watazamaji na ambaye alikuwa akipewa majibu mapema. Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1959, akapoteza kazi, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kupiga marufuku mashindano ya aina hiyo kupangwa. Binti wa Kalenga aliuliza ni nani kati yao aliyeumia zaidi. Tulijadili hadi kengele ya chakula ikalia, na mimi bado nadhani ni Stempel, kwa sababu alilazimishwa kuonekana mjinga mbele ya taifa zima katika jambo alilolijua.

Juma la 7, Jumamosi

Mazoezi ya leo yamenifundisha zaidi ya yote yaliyotangulia.

Mpaka sasa timu ilikuwa inakatiza maswali kwa furaha. Kila aliyesikia neno analolifahamu alibonyeza, na mara nyingi alipata, kwa sababu kadi zetu za zamani zimetungwa kwa namna ambayo neno la kwanza tu linafichua jibu. Kwa hiyo nilikaa usiku wa Alhamisi nikatunga maswali ishirini yenye kona, na la kwanza nililitega kwa watu wa nyumbani. Nilisoma hivi: "Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani..."

Sikufika mbali. Taa ya kiti cha pili iliwaka na binti wa Kalenga akajibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina la baba yake: "Fuvu la Mtwa Mkwawa." Wenzake walianza kupiga makofi.

Na kwa nini asijue? Amekulia kijiji chenye makumbusho ambamo fuvu hilo limehifadhiwa. Anajua kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani walioongozwa na Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kwamba ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na kwamba fuvu lilirudi mwaka 1954 kutoka Bremen. Ibara ya 246 kwake si namba ya kukariri.

Nilimkata alama 5, nikasoma swali lote: "Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa pamoja na kitu kingine kimoja kilichosemekana kuchukuliwa Madina. Ni kitu gani?" Darasa likanyamaza. Jibu ni Msahafu wa Khalifa Uthman, ambao kwa mujibu wa ibara hiyo hiyo ulitakiwa kukabidhiwa kwa mfalme wa Hijazi. Kijana wa Tukuyu alikisia upanga.

Binti alikasirika, na aliponiambia kwamba swali halikuwa la haki, nilikubali kwamba lilikuwa la hila. Lakini nilimwonyesha kwamba kanuni zinaruhusu hila ya namna hiyo, na kwamba alipobonyeza hakuwa amesikia swali lolote. Alikuwa amesikia mada. Tangu hapo "umesikia swali au umesikia mada?" limekuwa neno la klabu, na jioni hii nimewasikia wakiulizana hivyo kwenye foleni ya ugali.

Katika maswali ishirini ya leo walikatiza mara kumi na tatu na kupata manne tu. Kwa hesabu ya kanuni zetu hiyo ni alama 40 za kupata dhidi ya 45 za kukatwa, yaani wamefanya kazi ngumu ili warudi nyuma kidogo. Yale saba waliyosubiri hadi mwisho walipata sita. Namba hizi nimezibandika ukutani bila maelezo.

Jambo moja nimelitambua na litabadilisha utungaji wangu: wanakosea zaidi katika yale wanayoyajua zaidi. Kijana wa Tukuyu alibonyeza aliposikia "nyani aliyetambuliwa na wanasayansi miaka ya 2000 katika misitu ya Rungwe," akajibu kipunji, kumbe swali lilikuwa linataka jina la msitu wa pili anakopatikana, yaani Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Kijana wa Mufindi aliposikia "Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860," alijibu Kapiri Mposhi, mji wa Zambia inakoishia, kabla ya kujua kwamba naulizia upana wa reli, ambao ni milimita 1,067. Katika mada za mbali, kama vile historia ya Ulaya au michezo ya Olimpiki, wote wanne husubiri kwa adabu hadi mwisho.

Juma la 8

Kadi zimekwisha. Kati ya 612 zimebaki 438. Zimetupwa 97, na 77 zimeandikwa upya. Zilizotupwa ni pamoja na zile ambazo vitabu vyenyewe havikubaliani, kwa mfano uzito wa Kimondo cha Mbozi, ambao wengine wanauandika tani 12 na wengine 16. Badala yake tumeweka swali la madini yake, ambalo halina ubishi: chuma kwa sehemu kubwa, pamoja na nikeli. Urefu wa Kilimanjaro nimeuacha kuwa mita 5,895, ingawa kipimo cha mwaka 1999 kilitoa mita tatu pungufu, kwa sababu 5,895 ndiyo namba inayotumika rasmi. Idadi ya watu imebadilishwa kutoka sensa ya 2012 kwenda ya 2022, ambayo ni 61,741,120, na ina doa jekundu.

Juma la 9, Alhamisi

Baridi ni kali, vidole vya asubuhi havibonyezi vizuri, na kijana wa bodaboda ameulizia betri yake.

Tumefanya mazoezi ya woga. Bill Wright, aliyebuni kipindi cha Mastermind cha Uingereza kilichoanza mwaka 1972, alichukua wazo lake kutoka katika mahojiano aliyofanyiwa na Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani ya Hitler, alipokuwa mateka wa vita, na ndiyo maana mshiriki wake huketi peke yake kwenye kiti cheusi, gizani, taa ikimmulika. Nimeona nikope kidogo, bila Gestapo. Tulizima taa za ukumbi, tukawasha ile ya projekta ielekee machoni mwa washiriki, na nikawaalika kidato cha tatu wote waje kuwa hadhira na wapige kelele watakavyo. Nahodha, ambaye darasani hana mpinzani, alisahau jina la mto unaounda mpaka wetu na Malawi. Alilia baadaye kidogo, akarudi, akaketi tena kwenye mwanga, na mara ya pili Songwe ilimtoka bila shida. Tutarudia mara tatu kabla ya safari.

Juma la 10, Jumamosi

Maswali ishirini yenye kona, mapya kabisa. Walikatiza mara sita na kupata matano. Waliyosubiri yalikuwa kumi na manne, walipata kumi na moja. Kiti cha pili hakikukatiza hata mara moja katika maswali ya historia, na nimemwambia kwamba sasa amezidisha. Mtu anayejua akisubiri mno humwachia mwenzake. Alinijibu, "Mwalimu, nisipobonyeza unasema, nikibonyeza unasema." Ana haki. Tumekubaliana kwamba abonyeze pale tu anaposikia neno la kuulizia, yaani nani, wapi, lini, ngapi, au "taja," na si kabla ya hapo.

Juma la 12, Jumatatu, baada ya safari

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Kitonga tuliteremka salama, Mikumi watatu kati ya wanne waliona tembo na wa nne alikuwa amelala. Dar es Salaam wenyeji walituchekea masweta yetu, lakini studio ilikuwa na kiyoyozi kikali kuliko asubuhi ya Mufindi, na ni sisi tu tuliokuwa tumevaa kwa hali ile.

Tumetia saini fomu ya kutotangaza matokeo kabla kipindi hakijarushwa, kwa hiyo alama sitaziandika. Ninayoruhusiwa kuyaandika ni ya ufundi. Vitufe vya studio ni laini kuliko vyetu, vinashika kwa mguso mdogo, na katika maswali mawili ya majaribio kabla ya kurekodi vijana wetu waliwasha taa bila kukusudia. Klabu inunue vitufe vya aina hiyo mwakani badala ya swichi za milangoni. Mwendesha kipindi husoma haraka kuliko mimi. Swali moja lilihusu mwaka ambao sikuwa na kadi yake, na moja lilihusu kadi ambayo niliitupa juma la nane. Kiti cha nne kilibonyeza vizuri.

Betri imerudishwa ikiwa imejaa chaji, pamoja na pakiti mbili za majani ya chai kama shukrani. Mtambo umekabidhiwa kidato cha tatu jioni hii, nao wamekwisha kuuweka katika chumba cha kusomea. Kadi zimehamia kwenye boksi jipya, na ile ya Makete, yenye mwandiko wa mama yake, nahodha ameniomba nisiitupe. Nimempa.